Chupa Chini ya Kitenge

Saa tano asubuhi Night alijifunua kitenge kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne wanawake wote waliopanga jerikeni zao mbele ya pampu wakanyamaza. Aliitazama ile chupa ndogo aliyojifunga tumboni kwa kipande cha shuka. Bado ilikuwa na rangi ya chai nyepesi. Akaifunika, akasema, "Bado." Wanawake wakaguna, wakarudi kwenye maneno yao ya hasira.

Msicheke. Chupa ile ndiyo iliyokuwa maabara nzima ya kona yao ya mtaa wa Hai Mauna, Juba. Mama wa shirika la misaada aliyeleta klorini baada ya mafuriko alimwachia Night chupa sita, kila moja na dawa kidogo ndani, akamwelekeza: jaza maji ya pampu mpaka kwenye mstari, funga, iweke mahali penye joto kama la mwili wa mtu, subiri siku nzima, mchana na usiku wake. Maji yakiwa na uchafu wa chooni, chupa inageuka nyeusi. Yakiwa safi, inabaki ilivyo. Basi mahali penye joto la mwili wa mtu, katika siku zile za mvua na matope, Night hakujua pengine zaidi ya tumboni mwake mwenyewe. Akaifunga hapo, akatembea nayo, akapika nayo, akalala chali kama mjamzito wa miezi minane.

Hii ilikuwa chupa ya pili. Ya kwanza ilikuwa imegeuka nyeusi tii.

Mafuriko yenyewe yalichukua siku tatu. Khor, ule mkondo ambao kiangazi huwa mchanga mtupu na mifuko ya plastiki, ulivunja kingo zake alfajiri moja ukaingia mitaani bila kubisha hodi. Vyoo vilijaa. Kilichokuwa chini kikaja juu, kikaelea, kikapita milangoni kwa watu wa kila kabila bila ubaguzi. Pampu ya mtaa ikazama mpaka shingoni. Maji yalipopungua, majirani watano walikuwa wamepelekwa kwenye hema la kipindupindu, na mmoja wao, mzee Ponsiano fundi viatu, hakurudi. Hapo ndipo kila mtu alipomkumbuka Night.

Walimkumbuka kwa sababu yeye ndiye fundi wa pampu. Alizaliwa usiku, kama jina lake linavyosema, katika nyumba ya Waacholi waliokimbilia Uganda, na huko kambini alijifunza kufungua na kufunga pampu za mkono, mwanamke mmoja kati ya wanaume kumi na wawili waliokuwa wakimuuliza kila siku kama hajasahau kupika. Waliporudi Juba, yeye na mumewe Laku na mama yake Laku, alifika na mtoto mgongoni na spana mbili ndani ya sufuria. Pampu ya Hai Mauna aliikuta imekufa. Akaifufua, na tangu siku ile hakuna aliyemuuliza habari za kupika.

Kilichompa jina zaidi ni ule ujanja wake wa miaka minne nyuma. Vikombe vya ngozi vilivyo ndani ya pampu, vile vinavyovuta maji, vilikuwa vimechakaa, na vipya havikupatikana Juba nzima. Kila asubuhi pampu ilikohoa hewa tupu. Night akawaonyesha watu: chukua birika la maji, mwaga juu kwenye kichwa cha pampu, ngozi ilowe, ivimbe, ivute. Ilifanya kazi. Mtaa ukaiita kazi ile kuamsha pampu, na watu wakapokezana kuiamsha alfajiri kama wanavyopokezana kufagia kanisa. Night akipita njiani alikuwa akiitwa daktari, na hakukana.

Safari hii shirika lilileta vikombe vipya vya mpira, vigumu, vizuri, visivyojua habari ya kukauka. Night alivifunga. Akasugua mabomba yote, akayashusha, akamwaga klorini kisimani mpaka macho yakamwasha, akaiacha usiku kucha. Kesho yake akasukuma maji na kuyamwaga mpaka harufu ikaisha. Kisha akaifunga pampu isiguswe, kwa namna aliyofundishwa kambini. Hakuweka kufuli, maana kufuli huvunjwa. Aliutoa mkono wenyewe wa pampu, chuma kirefu na kizito, akauweka begani akaenda nao nyumbani. Tundu lililobaki juu alilifunika kwa gunia na kulifunga kwa kamba. Asubuhi yake aliurudisha mkono kwa dakika chache, akajaza chupa, akautoa tena, akaanza kungoja.

Chupa ikawa nyeusi. Akarudia yote tangu mwanzo, klorini, kusukuma, kufunika, chupa. Siku ya saba ndiyo hii. Wakati huo watu walikuwa wakinywa nini? Maji ya mto yaliyoletwa kwa matangi, kwa aliyeweza. Asiyeweza alichuja ya khor kwa kitambaa na kumwachia Mungu yaliyobaki.

"Night, dada yangu," alisema Fortunato, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mpole ambaye upole wake ulikuwa umebaki kidogo sana. "Watu iko na kiu. Siku saba sisi nangoja chupa. Saa sita ikifika, kama mkono ya pampu hairudi, mimi naita fundi Taban ya Munuki. Yeye iko na mkono ingine."

"Taban akifungua, watu nakunywa nini? Choo?"

"Na sasa hivi wao nakunywa nini?" Fortunato akauliza.

Mbele ya pampu palikuwa na duka la Nafiso, Msomali wa Garissa, lililouza unga, sukari, sabuni na katoni za maji ya chupa zilizopangwa mpaka darini. Nafiso alikuwa amewaachia wanawake kibaraza chake wakae kivulini. Alimtokea Night na kikombe cha chai ya maziwa mkononi.

"Keti bwana," alimwambia. "Hizo mbio zako zitaipasua hiyo chupa, alafu tuanze tena upya. Si umekula?"

"Mimi siko na njaa."

"Sikuuliza njaa. Kunywa chai."

Night akanywa amesimama. Alikuwa akiogopa. Aliwaogopa wale wanawake kidogo, Taban kidogo, lakini zaidi aliiogopa ile chupa. Ikigeuka tena, maana yake ni kwamba kisima chenyewe kimeharibika chini kusikofikika, na hakutakuwa na dawa. Pampu itafungwa moja kwa moja, na watu watarudi khor.

Dakika chache kabla ya saa sita alijifunua tena. Kwanza alidhani ni kivuli cha mkono wake. Akaielekeza chupa kwenye jua. Chini kabisa kulikuwa na weusi kama masizi, na weusi ule ulikuwa ukipanda.

"Nyeusi," alisema kwa sauti ndogo. Hakuhitaji kubwa, wote walisikia.

Wengine walianza kulia. Mwanamke mmoja alipiga jerikeni yake teke ikabingirika mpaka mferejini. Night hakumtazama mtu. Alikwenda kwenye pampu kwa sababu hakujua pa kwenda, akaweka mkono juu ya lile gunia kama mtu anayempapasa mgonjwa paji la uso. Gunia lilikuwa limelowa.

Akalishika tena. Siku zilizopita mvua ilinyesha kila usiku, kwa hiyo gunia lililolowa halikumshangaza. Lakini jana haikunyesha. Ardhi ilikuwa kavu, mabati yalikuwa makavu, gunia tu lilikuwa chepechepe. Akaifungua kamba haraka haraka, akalivuta gunia, akachungulia. Chuma cha ndani kilikuwa kimelowa chote, na ukingoni palikuwa na jani moja dogo na tope.

Hapo Night alifanya kosa. Alikuwa amechoka, amekasirika, na kidogo alikuwa amefurahi kwamba tatizo si kisima. Akageuka akapaza sauti: "Kuna mtu namwaga kitu humu ndani!"

Neno likishatoka halirudi, na lile lilipaa kama kuku aliyekatwa kamba. Kuna mtu anamwaga kitu. Kuna mtu anatia sumu. Nani? Nani ananufaika pampu ikikaa imefungwa? Haikuchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai. Macho yalianza kugeukia upande mmoja, moja baada ya jingine, kwenye katoni za maji ya chupa zilizopangwa mpaka darini.

"Anauza maji!" mtu akapiga kelele. "Siku saba anauza maji!"

"Ndiyo maana anatupa kivuli!"

Nafiso alisimama mlangoni akiwa bado ameshika birika la chai. Alimtazama Night, Night tu, katika watu wote wale. Jiwe la kwanza liligonga bati la kibaraza. Akaingia ndani akavuta mlango wa chuma, na Night akasikia makomeo yakiingia, moja, mbili, tatu.

"Ngojeni!" Fortunato alikuwa akisema. "Jamani, ngojeni, tuite polisi!" Hakuna aliyengoja. Watu walitoka uani na vichochoroni, wanaume sasa, na mmoja alikuwa na nondo.

Night alikuwa bado ameshika ile kamba. Aliitazama bila kujua anaitazama. Ilikuwa na alama za fundo, mikunjo miwili iliyokaza na mkia uliopenyezwa chini. Yeye hakufunga hivyo. Yeye alifunga fundo la fundi, moja, la kufunguka upesi. Fundo hili la mikunjo miwili alilijua. Alilikuta kila jioni kwenye mzigo wa kuni uani kwao. Alilikuta kwenye gunia la mtama. Kambini Uganda, mtoto wake alipokuwa mchanga, fundo hili ndilo lililomshikilia mgongoni mwa bibi yake ili Night aende darasani kujifunza pampu.

Ilikuwa Gune, mama mkwe wake.

Alikwenda mbio. Alipita katikati ya watu kwa viwiko, akapanda kibarazani, akasimama mbele ya ule mlango wa chuma, mgongo wake ukiugusa. Ndani alisikia Nafiso akisoma dua kwa sauti.

"Mwenye nondo, weka chini!" alipiga kelele. "Si Nafiso! Ni mimi!"

Wakasita, kwa mshangao tu, si kwa utii.

"Wewe umetia sumu?" aliuliza yule wa nondo.

"Hakuna sumu. Nani aliwafundisha ninyi kuamsha pampu? Nani alisema mwaga maji juu, kila alfajiri? Mimi! Sasa pampu iko na vikombe mupya, ya mpira. Haitaki kuamshwa tena. Mimi nilibadilisha vikombe na mimi sikuwaambia. Mtu ameamsha pampu vile mimi nilifundisha, na maji ya kumwagia imetoka wapi siku hizi? Imetoka kwa mafuriko. Kila siku mimi nasafisha, kila siku hiyo maji narudi ndani."

"Nani?" Fortunato aliuliza. "Nani ameamsha?"

Hilo Night hakuwa tayari kulisema. Laku alikuwa Rejaf siku ile, akiokoa kilichobaki shambani, na hata angekuwepo, mtu anamtajaje mama mkwe wake mbele ya watu wenye mawe? "Mimi nimesema ni mimi," alijibu. "Kama mnataka kupiga, pigeni mimi."

Sitasema kwamba alikuwa jasiri. Mkono mmoja bado aliuweka tumboni kuilinda chupa, ingawa chupa haikuwa na kazi tena. Kulikuwa na watu pale waliomzika Ponsiano wiki iliyopita. Mtoto wa Ponsiano mwenyewe alikuwa mbele kabisa, na jiwe alikuwa nalo.

Kisha watu wa nyuma walianza kupisha. Gune alikuwa anakuja, taratibu, kwa sababu mguu wake mmoja haukunjiki, na mkononi alikuwa na birika la plastiki la kijani ambalo mtaa wote ulilijua.

"Mnafokea biniya yangu, mtoto yangu, kwa nini?" aliuliza. Yeye Mbari, Night Mwacholi. Lugha waliyookota pamoja kambini ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumba yao, na sasa aliitumia mbele ya wote. "Ni mimi namwaga. Kila alfajiri. Mkono ya pampu iko nyumbani, pampu inalala na koo kavu, siku saba. Mimi nikaona itakufa, halafu ninyi mtapiga yeye. Nikaamsha. Kidogo tu. Nikafunga gunia vizuri."

"Maji umetoa wapi, Mama?" Night aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa pipa yetu ya nyuma." Gune aliinua birika kama ushahidi. "Iko safi. Uchafu yote imekaa chini."

Pipa lile lilikuwa limezama siku tatu pamoja na choo kilicho kando yake.

Gune aliwatazama mmoja mmoja, akatazama jiwe mkononi mwa mtoto wa Ponsiano, akatazama mlango uliofungwa, na polepole Night aliona uso wa mama mkwe wake ukielewa. Birika lilimponyoka. Alitaka kukaa chini, akakaa palepale ardhini, mguu usiokunjika umenyooka mbele.

"Ponsiano?" aliuliza. "Mimi niliua Ponsiano?"

"Hapana," mtoto wa Ponsiano alisema. "Baba aliugua kabla. Siku ya mafuriko. Hapana, haboba, bibi yetu." Akaliachia jiwe, akaondoka bila kumtazama mtu, na wengine wakaanza kutawanyika kwa namna ile ya watu wanaoona aibu, kila mmoja amekumbuka kazi nyumbani.

Night alifanya kazi yote tena, mara ya tatu. Safari hii, kabla ya klorini, alipita mlango kwa mlango. Alisema maneno yaleyale kwa nyumba sitini na kitu: pampu haiamshwi tena, nilikosea kutowaambia, mwaga maji ya pipa lako. Fortunato alitembea naye. Baadhi waliitikia, baadhi walimfungia mlango, na mmoja alimwambia daktari wa pampu aende kujitibu. Alimeza. Vijana wa kanisa walichimba choo kipya cha Gune mbali na kisima, wakakiinua kwa mifuko ya mchanga, na pipa la nyuma likatobolewa chini lisishike tena tone.

Chupa ya tatu ilipojazwa, Gune aliiomba.

"Leta hapa," alisema. "Mimi iko na joto kuliko wewe. Wewe nakimbiakimbia, unaipoza."

Akaifunga tumboni kwa fundo lake la mikunjo miwili, akakaa kwenye kiti kando ya pampu siku nzima. Kila aliyetaka kuona alionyeshwa. Usiku hakulala, na hakuruhusu mtu kumsemesha. Asubuhi Night alipomletea uji alimkuta ameiweka mikono yote miwili juu ya tumbo, macho mekundu.

Saa sita ikafika. Mwenyekiti, wanawake wa foleni, hata Taban aliyekuja kutoka Munuki kushuhudia, wote waliinama. Gune alijifunua. Chai nyepesi. Night hakuamini, akaielekeza kwenye jua, akaigeuza, akangoja saa nzima nyingine, na nyingine tena. Chai nyepesi.

Aliurudisha mkono wa pampu. Akasukuma mara moja, mara mbili, na mara ya tatu maji yakaja yenyewe, mazito, baridi, bila kuamshwa na mtu. Gune akapiga makofi mara moja tu, kisha akalikumbuka birika lake akaacha.

Jerikeni ya kwanza Night hakumpa aliyekuwa mbele ya foleni, na hakuna aliyelalamika. Aliijaza, akaibeba, akavuka barabara. Duka la Nafiso lilikuwa limefunguliwa nusu tu tangu siku ile: bati moja la mlango wazi, bati moja limefungwa, na biashara ikipitia kwenye upenyo. Kibaraza hakikuwa na mtu. Hakuna aliyekuwa na uso wa kukaa pale.

"Nafiso," aliita. "Nimeleta maji. Na nimeleta *malesh* yangu, naomba msamaha. Neno lile lilitoka kwa mdomo yangu mimi."

Nafiso alitokea kwenye upenyo. Aliitazama jerikeni. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku nyingi.

"Umepima?"

"Nimepima."

Nafiso aliingia ndani akarudi na kikombe, kilekile cha chai ya siku ile. Akaiinamisha jerikeni mwenyewe, akakijaza, akamnyooshea.

"Kunywa wewe kwanza."

Night alikichukua. Ng'ambo ya barabara foleni nzima ilikuwa inatazama, na Gune alikuwa amesimama kwa kushika pampu. Akanywa mpaka nusu, taratibu, maji yakimshuka baridi kifuani. Kisha akakirudisha kikombe.

Nafiso alikizungusha kikombe, akakitazama ndani, akanywa nusu iliyobaki. Alijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Halafu akalifungua lile bati la pili.